Mwenye Mwavuli wa Kikorongo

Nina ugonjwa mmoja ambao sijawahi kuuficha: napenda vitabu vya maisha ya wafalme wa Uingereza. Si kwa ajili ya siasa, la. Nataka kujua nani alinuniana na dada yake, nani alikatazwa kumwoa aliyempenda, mfalme gani aliogopa giza. Wenzangu wa biashara ya chumvi hapa Kasese walinicheka mpaka wakachoka. Niliwaambia kwamba ukoo wa kifalme ni ukoo kama mwingine, tofauti yake ni kwamba una watu wa kuuandikia.

Vitabu hivyo nilivipata Bwera, siku za soko nilipopeleka chumvi. Vilikuja vimechanganyika na marobota ya mitumba, na mwuzaji, Mkongo mmoja, alikuwa ameshanizoea. "Mama, bafalme yako beko hapa," aliniita kabla sijashuka kwenye lori. Siku ile alinitolea kimoja kizito, cha maisha ya mwana wa mfalme aliyewahi kupita huku kwetu kutazama tembo. Ukurasa wa kwanza ulisema kimeandikwa kwa idhini ya familia. Yaani wenyewe walikisoma kwanza, wakafuta wasichokitaka, ndipo kikachapwa. Nilikinunua bila kuvutana bei, jambo ambalo si tabia yangu.

Nilikuwa nikiishi na mama yangu. Kiingereza hakukijua, ila picha alizipenda, hasa zile kofia za wanawake wa kasri, ambazo alizicheka mpaka machozi. Alasiri hiyo nilimwekea kitabu mapajani nikaenda kuinjika chai. Niliporudi alikuwa hacheki. Kidole chake kilikuwa juu ya picha moja na hakukiondoa.

"Soma hapa. Inasema nini?"

Nikasoma. Picha ilipigwa Kikorongo, penye njia panda. Maelezo yalimtaja mwana wa mfalme, mke wa ofisa fulani, bwana mmoja mwenye bunduki, na hata mbwa alitajwa kwa jina lake. Nyuma yao alisimama mtumishi mweusi wa kanzu, ameinua mwavuli. Huyo hakutajwa. Wengine wote walitazama kando, kwa tembo nadhani. Yeye peke yake alitazama kamera.

"Ule mutu," mama akasema, "iko baba yangu."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Babu alikuwa kaburini Rukoki, na hakuna aliyelijua kaburi hilo kuliko mama. Babu alikuwa mkata chumvi wa ziwa la Katwe. Mama alipokuwa na miaka sita, babu alikwenda ziwani asirudi. Baada ya siku kadhaa maiti ikaonekana ikielea. Maji ya ziwa lile hayana huruma. Yalikuwa yameshakula uso na mikono. Wanaume wakaifunika, wakamwita bibi aitazame miguu tu. Mkata chumvi husimama ndani ya maji yale kutwa, na miguu yake hujaa makovu meupe kuanzia goti kushuka. Bibi akayaona makovu, akasema ni yeye. Wakazika. Tangu hapo mama hakukosa Ijumaa Rukoki, na alikwishatuusia tumwachie nafasi kando ya baba yake.

Nikautazama mwaka ulioandikwa chini ya picha. "Mama, babu alikuwa ameshakufa miaka miwili kabla ya hii."

"Tazama kidole."

Nikaipiga picha kwa simu, nikaipanua kwa vidole viwili. Uso ukageuka vitone vitupu. Kila nilipouvuta karibu ndivyo ulivyonikimbia. Mkono ulibaki. Kidole kidogo cha kushoto kiliishia kwenye kiungo cha kwanza. Hadithi ya kidole kile niliijua tangu utoto: kilikatwa na chuma cha kuvunjia chumvi, na mama alipenda kukishika njiani kwa sababu kilienea ndani ya kiganja chake.

Nikabisha. Nikasema vidole vilikatika vingi Katwe.

"Na makovu ya miguu?" mama akanijibu kwa hasira. "Ile si iko ya kila mutu ya Katwe?"

Alipolisema hilo akalisikia. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyejiuliza: kama kila mkata chumvi ana makovu yale, bibi alimtambua nani?

Basi babu alikuwa amesimama Kikorongo, mwendo wa asubuhi moja kutoka nyumbani, ameshika mwavuli wa watu, asije hata kusalimia. Na sisi tulikuwa tumemzika nani?

Nikafanya kama wafanyavyo wa kasri. Nilimwambia mama tujifanye kwamba ukurasa huo haukuwepo. Kitabu nikakilaza kifudifudi juu ya kabati. Haikusaidia. Kila nikiingia chumbani nilihisi ninatazamwa, mpaka nikakifunika kwa kitambaa, mimi mtu mzima mwenye lori lake. Mama akaacha kula vizuri. Ijumaa ikapita hakwenda Rukoki, ikapita na ya pili. Hata malaria haikuwahi kumzuia. Niliogopa sana. Nilimwona anampoteza baba yake mara ya pili, na safari hii baba ameondoka kwa miguu yake mwenyewe.

Ijumaa ya tatu akajitanda mtandio, akaniambia nimpeleke. Siku zote alikwenda moja kwa moja kuketi kando ya kaburi. Siku hiyo alisimama mbali kidogo, akavua ndala.

"Asalaam aleikum, mzee. Hodi."

Niliogopa kwamba ataitikiwa.

"Samahani," akasema. "Sisi tuliita wewe jina ya mutu ingine. Watoto yako ilingojea wewe, na sisi tulikuwa na wewe hapa."

Akangoja kidogo, kama mtu aliye mlangoni. Kisha akaketi mahali pake pa kila siku, akaanza kung'oa majani. Tulipokuwa tukirudi nikamwuliza kwa upole kama bado anaitaka nafasi ile, au tumtafutie kwingine. Akanikaripia kama mtoto.

"Ule ya mwavuli alikuwa na miguu, na hakuja. Huyu alikaa na mimi Ijumaa yote. Mutanizika pale pale."

Mama alifariki miaka michache baadaye. Tukampeleka Rukoki. Mchimba kaburi, kijana mgeni aliyetoka Bwera, alipima kwa jembe akasita. Akaniuliza huyu wa pembeni ni nani wake, asije akamlaza mama karibu na mtu asiyemhusu.

"Baba yake," nikasema.