Vifungo Vitatu Mdomoni mwa Bisibisi

Wanawake wengi hubana siri mdomoni. Bisibisi alibana skrubu.

Akifungua cherehani, skrubu ya kwanza aliiweka pembe ya kulia ya mdomo, ya pili kando yake, ya tatu, ya nne, hadi ya mwisho ikafika pembe ya kushoto, zimejipanga kama watoto wanaosubiri kunyolewa. Akimaliza kutengeneza alizirudisha kuanzia kushoto, bila kutazama, huku akiwajibu wateja kwa puani. Siku moja alipiga chafya akiwa na skrubu kumi na mbili. Kumi na moja ziliruka zikaingia kila moja kwenye tundu lake, zikajikaza zenyewe. Ya kumi na mbili ilikutwa jioni kwenye ukingo wa kofia ya mteja, naye mteja akaapa hakuhisi kitu.

Jina alilipata kwa bisibisi yake ndefu. Ncha aliigusisha kwenye tumbo la cherehani, mpini akauweka sikioni, halafu akamwambia mwenye mashine azungushe gurudumu.

"Mmh. Jino la gia limeliwa."

Au, "Hii haiumwi, mama. Ina njaa ya mafuta."

Sikio lake halikuwahi kukosea mpaka alipotengeneza cherehani ya wifi yake.

Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa mshonaji, duka lake mlango wa pili, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Asubuhi moja aliingia kajitwisha cherehani, akaitua mezani puu!

"Wifi, si uliniambia imepona? Imekata uzi mara arobaini! Nguo ya bibi harusi ina mikunjo kama shingo ya kobe!"

"Niliisikiliza mwenyewe. Ilikuwa kimya kama mtoto aliyeshiba."

"Basi isikilize tena huyo mtoto wako."

Wiki ile Bisibisi alikuwa amehamishia meza yake dirishani kufuata mwanga, na kwa kukaa kule akawa anatumia sikio la kushoto. Akaweka mpini, la kulia akaliziba kwa kiganja. Wifi akazungusha gurudumu.

"Umeona? Kimya."

Wifi akaacha mdomo wazi. "Kimya? Hilo si debe la misumari linaloporomoka ngazi?"

Bisibisi akahamisha mpini sikio la kulia. Kelele zikamwingia mpaka kwenye magego. Akarudisha kushoto: kimya, isipokuwa ule mluzi mwembamba, kama birika lililosahauliwa jikoni. Mluzi huo alikuwa akiusikia mwaka mzima. Kwanza alilisingizia birika, akalinunua jipya. Kisha akaisingizia redio ya jirani. Na kule kuyumba kwake anapotembea, kama gari lenye tairi moja isiyo na upepo, alikuwa akisingizia viatu.

"Wifi," alisema polepole, "sikio langu limefunga duka."

Wifi alivua tepu shingoni, akaikunja. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Kesho hospitali, na mimi nakwenda nawe. Wewe kusoma hujui, utaweka saini kwenye karatasi ya kuuza figo."

Daktari wa masikio alimpima, akampeleka kwenye mashine ya sumaku, lile pipa kubwa ambalo mtu hulala akaingizwa kama mkate kwenye tanuri. Nesi akamwambia atoe kila kitu cha chuma. Bisibisi akatoa skrubu mfukoni. Akatoa sindano za cherehani kwenye pindo la gauni. Akatoa bobini kifuani. Akafumua msuko mmoja, springi ikadondoka.

"Mama," nesi aliuliza, "wewe ni mgonjwa au ni duka la vipuri?"

Beseni lilijaa, likaletwa la pili.

Ndani ya pipa kelele zilikuwa kama washonaji sabini wamefungiwa chumba cha mabati. Mgonjwa mwingine angelia. Bisibisi alilala akisikiliza kwa raha zake, na alipotolewa jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Kitanda chenu kina bolti iliyolegea, mguu wa nyuma, upande wa kulia." Mtaalamu wa mashine akacheka. Kisha akainama akashika. Akaenda kutafuta spana.

Majibu yalipotoka hakuna aliyecheka. Daktari aliwaonyesha picha. Ndani kabisa, nyuma ya sikio la kushoto, palikuwa na uvimbe mweupe wa mviringo, sawa na kifungo cha koti.

"Si saratani," alisema. "Unakua taratibu, na hausambai. Lakini umeota kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia na kujisawazisha, na umeanza kuusukuma ubongo. Ni wa kutolewa. Tatizo ni mshipa unaoendesha uso. Umelala juu ya uvimbe kama uzi juu ya kifungo. Ukiumia, upande mmoja wa uso unalegea."

"Unalegea vipi?"

"Jicho halifumbi vizuri. Mdomo unaanguka upande mmoja."

Bisibisi akajishika pembe ya kushoto ya mdomo. Kichwani hakuwaza kifo hata kidogo. Aliona skrubu zikidondoka moja moja kutoka pembe ile, zikibingirika chini ya meza, na yeye amepiga magoti anazitafuta kama kuku.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la mbao, mtu wa maneno matatu kwa siku. Siku ya harusi yao aliyamaliza mbele ya shahidi, wageni wakaagwa kwa kupungiwa mkono. Jioni ile alisikiliza habari yote mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Tafuta fundi mzuri," alisema, na hayo yakawa ya siku.

Basi wakaanza kutafuta fundi.

Wa kwanza alikuwa na ofisi yenye zulia la kumeza viatu na vyeti ukuta mzima. Wifi alivihesabu vyeti, akavutiwa, akakaa mkao wa kanisani. Daktari alizungumza vizuri kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Dokta," Bisibisi aliuliza, "umeshaharibu wangapi?"

"Samahani?"

"Uliowafungua. Wangapi ulipowafunga hawakuwa kama mwanzo?"

Daktari akatabasamu. "Mama, mimi sijawahi kupata tatizo."

Bisibisi akasimama, akashukuru, akatoka. Wifi akamkimbilia koridoni. "Una wazimu? Hajawahi kupata tatizo! Unataka nini zaidi?"

"Wifi, fundi ambaye hajawahi kuharibu hajawahi kufungua mashine. Au amefungua, akaharibu, akamwambia mwenyewe ilikuja hivyo hivyo."

Wa pili alikuwa mwanamke mfupi, mikono midogo kama ya msichana wa shule, ofisini kwake feni inalia kii-kii. Bisibisi akaisikiliza ile feni kwanza. Kisha akauliza swali lake.

Daktari hakutabasamu. Alivua miwani.

"Uvimbe kama wako nimeutoa mara sitini na nane. Watu tisa nyuso zao zililegea. Sita zikarudi baada ya miezi. Tatu hazikurudi. Mwalimu mmoja, dereva mmoja, na bibi mmoja muuza vitambaa. Huyo bibi nilikuwa na haraka ya kumaliza, nikavuta kipande ambacho ningekiacha. Sasa sivuti. Kinachong'ang'ania, nakiacha pale na tunakipiga picha kila mwaka."

Bisibisi akapiga kofi mezani mpaka kalamu zikaruka. "Huyu ndiye!"

"Mungu wangu!" wifi alisema. "Mtu amekiri kuharibu watu tisa, mwenzangu anashangilia!"

"Anawajua mmoja mmoja, wifi! Umesikia? Bibi muuza vitambaa! Mimi mashine nilizoharibu nazijua hata rangi."

Daktari akacheka, akavuta kiti karibu. Akaeleza kuwa zipo njia mbili. Ya kwanza, angejaribu kuokoa kile kidogo kilichobaki cha kusikia upande ule, lakini mshipa wa uso angeuona kwa kuchelewa, uvimbe ukiwa mbele yake. Ya pili, angepita ndani ya mfupa wa sikio lenyewe. Kusikia kwa upande huo kungekwisha kabisa, ila mshipa wa uso angeuona mapema, kabla hajagusa chochote.

"Wifi, sikio!" wifi alisema. "Sikio ndiyo kazi yako!"

Feni ikalia kii-kii. Bisibisi akaziba sikio la kulia kwa kiganja, ile kii-kii ikapotea. Akaachia, ikarudi.

"Sikio ninalo jingine," alisema. "Mdomo ni mmoja. Pita ndani, dokta."

"Na sitakuwa peke yangu," daktari alisema. "Tutakuwa wawili, mimi na mwenzangu wa ubongo. Na pembeni atakaa mtaalamu mwenye mashine. Tunakuweka visindano vyembamba usoni, na waya. Mimi nikigusa mshipa wa uso, hata kidogo, mashine inalia."

Bisibisi alishika ukingo wa meza. "Inalia vipi?"

"Trrrr."

"Trrrr?"

"Hapana, fupi zaidi. Trr!"

Wakakaa pale wanawake wawili wazima wakililiana kama ndege, na wifi akawatazama kwa zamu.

"Yaani," Bisibisi alisema, macho yanang'aa, "mimi nitalala, na nyinyi mtanisikiliza kama ninavyosikiliza cherehani?"

"Kwa saa nane. Pengine kumi."

"Wifi! Nitasikilizwa saa kumi! Katika nyumba yetu sijawahi kusikilizwa dakika kumi!"

Kuanzia siku ile aliyumba njiani akitangaza. Kila mteja aliyeleta cherehani aliondoka na trrr yake. Daktari alikuwa amempa mazoezi, maana upasuaji ungeyumbisha mwili zaidi kabla haujazoea: atembee juu ya mstari, kisigino mbele ya vidole, akigeuza kichwa kulia na kushoto. Wifi akachora mstari kwa chaki ya kushonea, kutoka mashine yake mpaka mlango wa Bisibisi. Siku ya kwanza Bisibisi aliutembea mstari ule kama mlevi anayekwenda kuomba msamaha. Wiki ya pili wateja walianza kujaribu na wao. Wiki ya tatu palikuwa na foleni, na bwana mmoja mnene aliyeleta suruali kupunguzwa aliutembea mara nyingi hivi kwamba suruali ikamtosha bila kushonwa.

Siku ya upasuaji ilipofika Bisibisi alikuwa hajala kitu tangu jana yake, kama alivyoagizwa. Alijipaka alama ya mshale kwa chaki nyuma ya sikio la kushoto, mafundi wasije wakafungua upande usio na ugonjwa. Daktari akaja na kalamu yake, akaukuta mshale.

"Mama, hii ni kazi yangu."

"Chora na wako. Mishale miwili haigombani."

Nesi akamkagua chuma. Safari hii Bisibisi aliapa hana kitu. Ikatoka skrubu moja kwenye msuko.

"Hiyo ni ya bahati," alisema.

"Bahati itasubiri nje," nesi alijibu, akaitia kwenye bahasha.

Wifi alikuwa akilia na kumgombeza papo hapo. Mume alisimama kando ya kitanda, kofia mkononi. Milango ya chumba cha upasuaji ilipofunguka, alimwinamia kwenye sikio la kulia.

"Rudi na mdomo."

Nesi akamwambia ahesabu kurudi nyuma kuanzia kumi. Bisibisi akaanza na trr ya kwanza, trr ya pili, na nusu kaputi ikamchukua kabla ya ya tatu.

Alipoamka dunia ilikuwa inazunguka kama gurudumu la cherehani ya miguu, na kichwa kimefungwa bandeji. Siku nzima ilipita kabla ukuta haujakubali kusimama. Kesho yake daktari alikuja, wifi na mume wakiwa pale.

"Fumba macho, mama."

Yakafumba yote mawili, la kushoto likijikokota nyuma.

"Tabasamu."

Kulia kukapanda. Kushoto kukatulia.

Wifi akafungua pochi. Skrubu nesi alizikataa kata kata, kwa hiyo wifi alikuwa ameleta vifungo vitatu vya shati, vimeoshwa kwa maji ya moto na kufungwa kwenye uzi mmoja mrefu, mgonjwa asije akavimeza. Ncha ya uzi akaizungushia kidole chake mwenyewe.

Bisibisi akabana kifungo cha kwanza kulia. Kikakaa. Cha pili katikati, kikakaa. Cha tatu akakisogeza mpaka pembe ya kushoto, akabana. Kikadondoka, kikaning'inia kwenye uzi. Akajaribu tena. Kikadondoka tena. Machozi yakamjaa.

"Mashine ililia mara mbili tu," daktari alisema haraka. "Mshipa ni mzima, nimeuona kwa macho yangu. Nimeacha kipande kama punje ya mchele, sikukivuta. Huu umechoka, mama, haujafa."

"Umechoka," Bisibisi alirudia, akitazama kifungo kikibembea.

Hapo mume akakohoa. Akasema kwamba alipokuwa nje akisubiri, saa ya tano, mtu alimpigia simu kuwa lori lake lina mbuzi juu, amepanda kwenye mbao, amegoma kushuka, na polisi wa barabarani anataka leseni ya mbuzi. Akasema alimjibu polisi aongee na mbuzi, maana yeye mkewe yuko ndani anasikilizwa. Na polisi, akasema, akauliza, anasikilizwa na nani, akamwambia, na mashine, polisi akasema, basi hata mke wangu ningemleta asikilizwe...

Wifi aliachia uzi. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia kaka yake akisema maneno kumi mfululizo, na hapa yalikuwa hamsini na bado mbuzi hajashuka.

Bisibisi alimtazama mume wake. Kicheko kikaanzia tumboni, kikapanda, kikafika mdomoni, vifungo vyote vitatu vikaruka na uzi wao juu ya shuka. Daktari hakuviangalia vifungo. Alikuwa ameinama, macho kwenye pembe ya kushoto ya mdomo, na pembe ile ilikuwa inapanda. Kidogo. Kwa uvivu, kama mtu anayeamshwa na jua. Lakini inapanda.

"Ile pale!" daktari alipiga kelele. "Imecheza! Baba, rudia! Rudia ya mbuzi!"

Mume akavaa kofia yake, akatikisa kichwa.

"Maneno yangu yamekwisha."