Namba Saba, Kwenda Chini

Gundi ya unga wa muhogo ikikaa siku mbili huchacha, na harufu yake hupanda puani kama ya togwa iliyosahauliwa jikoni. Msimu mzima nilipokuwa darasa la saba nilinuka gundi hiyo, mikononi na kwenye shati la shule, na mama alikuwa akiniambia nikae mbali na sinia mpaka ninawe mara mbili. Shule yetu ilikuwa katika kijiji kimoja cha delta, upande wa Maparoni. Ukuta wake wa nyuma ulitazama gati la miti, mahali watu waliposubiri maji yajae ili vyombo vielee. Kwenye ukuta huo tulibandika gazeti letu la ukutani kila Jumatatu: habari za kijiji, matokeo ya mpira, shairi moja, na pembeni kabisa chemshabongo. Chemshabongo ilikuwa yangu. Mwalimu wa Kiswahili alinifundisha kuchora miraba kwa rula, kuanza na neno refu, kuyapitisha mengine juu yake, kisha kuziba nafasi tupu kwa mkaa. Maneno, alisema, kila mtu anayo. Kazi ipo kwenye vidokezo. Kidokezo kiwe kifupi, kimzungushe mtu, lakini kiwe kweli. Akikuta jawabu lazima akubali mwenyewe kwamba hakuonewa.

Sikumbuki kitu kilichowahi kunilevya kama kile. Wavuvi, wanawake wenye vikapu vya mchele, hata walimu wa shule nyingine waliokuwa wakipita, wote walisimama mbele ya miraba yangu wakikuna vichwa. "Upupu" nilikuwa nimeutungia hivi: "Mguse mara moja, utajigusa mwenyewe kutwa." Watu walicheka hadi wakashika ukuta. Nikaanza kutembea kama mtu mkubwa. Rafiki yangu Rajabu, tuliyekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, aliniita Mheshimiwa Miraba. Alikuwa na akili kunishinda, hilo nalisema sasa bila kuumia, na mwalimu alishasema kwamba katika shule nzima nafasi ya kwanza ya sekondari ilikuwa ya Rajabu.

Msimu ule ukataji wa boriti za mikoko ulikuwa umesimamishwa na serikali. Baba yake Rajabu alikuwa mkata boriti, hakujua kazi nyingine zaidi ya shamba dogo la mpunga ng'ambo ya mto, na aliendelea kukata. Nilijua kwa sababu nilikwenda na Rajabu kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, shambani kwao. Kila shamba lilikuwa na dungu, kibanda cha kulinda mpunga kilichoinuliwa juu ya nguzo nne. Chini ya dungu lao baba yake alikuwa amezisimamisha boriti wima, zimebanana, zimefungwa kwa kamba, na mbele yake ameegemeza makuti. Ukiwa mtoni huoni kitu. Rajabu alicheka, akasema, "Tazama, dungu letu lina miguu mia." Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono. "Saidi, hili limeishia hapa." Nikamwambia limeishia hapa.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa na pengo la herufi tano, na neno pekee lililoingia lilikuwa dungu. Ningeweza kulitungia kidokezo chochote duniani. Lakini maneno ya Rajabu yalikuwa mazuri mno, na mimi nilikuwa mwizi wa maneno mazuri. Namba saba, kwenda chini, nikaandika: "Miguu minne bila kutembea; ng'ambo, miguu mia." Mwalimu akasoma, akatabasamu, akaweka sahihi yake. Gazeti likiwa na sahihi halikubanduliwa mpaka Jumamosi.

Rajabu aliliona wakati wa mapumziko. Hakupiga kelele. Alisimama karibu nami mpaka nikasikia pumzi yake.

"Litoe."

"Lina sahihi ya mwalimu."

"Saidi, watamfunga baba. Litoe."

"Nani atajua? Hata jina la mtu halipo. We unaogopa kivuli chako."

"Msomi mzima," alisema, "na akili zote umezimalizia kwenye miraba."

Siku tatu zilipita bila neno kati yetu. Ijumaa, baada ya sala, alikuja bwana misitu. Alikuwa mtu wa bara, mnene, mcheshi, mwenye boti ya injini, na maji yalikuwa yamekupwa kiasi kwamba boti yake ilikuwa imelala kwenye tope kama nyumbu aliyechoka. Akiwa hana la kufanya akaja ukutani, akatoa penseli mfukoni. Mimi nilikuwa pale pale, kama nilivyokuwa kila mara, nikijifanya nachonga kalamu. Rajabu alikuwa anachota maji kwenye pipa la shule, hatua kumi hivi kutoka kwetu. Ndoo yake ilishajaa. Hakuondoka.

Bwana misitu alijaza upupu akacheka kwa sauti, akatusimulia jinsi alivyokutana nao huko Ngarambe mpaka akavua suruali mbele ya wasaidizi wake. Kisha akajaza nanasi. Sasa namba saba ilikuwa na herufi mbili ndani, ya pili na ya tatu. Niliangalia mtoni. Maji yalikuwa yameanza kurudi, ulimi mwembamba wa kahawia unaopanda juu ya tope. Nusu saa, nilijiambia, na boti itaelea aende zake.

"U na N," alisema bwana misitu. "Miguu minne bila kutembea." Akagonga ukuta kwa penseli. "Punda! Ni punda aliyekaidi. Na hao wa ng'ambo ni punda ishirini na watano, wamekaidi kwa pamoja. Miguu mia, hesabu imekubali!" Akalowesha penseli kwa mate, akaandika P kubwa, katikati ya mraba wangu.

Nilisikia Rajabu akishusha pumzi. Nilihitaji kunyamaza tu. Herufi zilienea, hesabu ilienea, mtu mwenyewe alikuwa ameridhika na maji yalikuwa yanapanda. Lakini nilipoiona ile P pale, nilihisi kama mtu ameniandikia usoni. Jawabu langu lilikuwa bora. Kidokezo changu kilikuwa bora. Mtu huyu angeondoka akiamini kwamba niliandika habari za punda.

"Si punda, mzee," nilisema. "Huku hatuna punda."

Ndoo ya Rajabu ilianguka. Bwana misitu hakugeuka hata kidogo. "Basi ni nini, bwana mdogo?"

"Dungu."

"Dungu ndiyo nini?"

Nikamweleza. Bado ningeweza kuishia hapo. Alisikiliza, kisha akatikisa kichwa, akacheka kama mtu aliyemkamata mtoto akidanganya. "Kibanda cha nguzo nne, sawa. Cha nguzo mia kiko wapi? Kidokezo chako kina uongo ndani yake."

"Hakina uongo," nilisema. "Nimeliona kwa macho yangu."

Ucheshi ulimtoka usoni taratibu, ukabaki uso wa kazi. Hakuniuliza la nani. Alirudisha penseli mfukoni, akashuka gatini, akaanza kuwaamrisha wasaidizi wake waisukume boti.

Rajabu alikuwa ameshafika majini. Alichukua mtumbwi wa mtu na kuanza kupiga kafi kuelekea ng'ambo, amesimama, mgongo wake ukipanda na kushuka. Alikuwa katikati ya mto injini ilipowaka. Nilimtazama nikiwa ukutani, nikiomba maji yarudi nyuma. Boti ilimpita kwa upande, mawimbi yake yakauzungusha mtumbwi mara mbili, na yeye akakaa chini ndani yake, kafi magotini.

Baba yake alipelekwa Kibiti jioni ile ile, na baadaye akafungwa. Mtihani wa darasa la saba ulikuja Rajabu akiwa shambani, kwa kuwa mpunga haukuwa na mtu mwingine. Mimi nilifaulu nikaenda sekondari. Kijiji kilitafuta aliyemchongea baba yake, kikataja jina la huyu na yule, na kila aliyemuuliza Rajabu alijibiwa kwamba bwana misitu aliona mwenyewe akiwa mtoni. Aliniokoa kwa uongo, mimi niliyemwangamiza baba yake kwa kutetea ukweli wa kidokezo. Nami nilimwacha aniokoe. Nilifungasha sanduku langu nikaondoka bila kumuaga.

Leo ninaishi Mtawanya. Wajukuu zangu wana chemshabongo ndani ya simu. Mtu akikosea herufi huwa nyekundu, akiigusa inafutika, na hakuna anayemwona. Zamani kufika Maparoni kutoka hapa kulikuwa kazi ya kutwa na kusubiri maji. Sasa bodaboda na boti hunifikisha kabla ya adhuhuri, na namba ya Rajabu ninayo kwenye simu yangu. Mwaka jana tulikutana msibani. Nilimvuta pembeni nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza kwa upole.

"Hapa ni kwa marehemu, ndugu yangu. Kama una neno, njoo nyumbani. Wanangu wanne wote nitawaita. Uwaambie wewe kwa nini baba yao hakufanya mtihani, maana wameniuliza tangu wadogo, na mimi nimeshindwa kuwadanganya vizuri."

Nilimwambia nitakuja baada ya Ramadhani. Ramadhani imepita, na nyingine inakaribia. Afya ninayo, nauli ninayo. Kila nikivaa kanzu ya safari nakumbuka kwamba nina kazi ya kufanya, nakaa mezani. Haya niliyoyaandika ndiyo kazi hiyo. Kuwasimulia ninyi msionijua kumenichukua asubuhi tatu. Wale wanne wananijua jina, na huniita baba mkubwa.