Kufuli la Mferejini

Ukimuuliza Mwantum kazi yake, atakuambia anashona mito ya kulalia, basi. Hilo ni kweli, ila si lote. Cherehani aliirithi kwa marehemu mumewe, na kwa cherehani hiyo alimlea binti yake Yasmina mpaka akaolewa Gihosha. Kibanda chake kiko mwisho wa soko ambalo watu wa mtaa wa Jabe huliita Mferejini, kwa sababu mfereji mkubwa wa mvua hushuka na kupita chini yake kabla ya kushika njia ya ziwani. Pale mfereji unapozama chini ya soko pana wavu wa chuma wa kuzuia takataka. Wavu ukiziba, maji hayana pa kwenda ila kwenye vibanda vya watu.

Mto wa sufi ukishalowa ni wa kutupa. Ndiyo maana Mwantum alichongesha ndoano ndefu ya chuma, na kila mawingu yalipoanza kujaa juu ya milima alitoka na ndoano yake akavuta mifuko, maganda na matambara yaliyonasa kwenye wavu. Akimaliza hupita kati ya vibanda akipiga makofi: "Jamani, kila mutu mbele ya mulango yake!" Nao walitoka, wengine wakinung'unika, wengine wakicheka, wakafagia. Hapakuwa na karatasi iliyowaamuru. Miaka kumi na minane maji hayakuingia sokoni.

Kisha mpagazi mmoja akatumbukia mferejini na kuvunjika mguu, kwa sababu kuna mtu alikuwa ameacha kifuniko cha mfereji wazi. Watu waliumia roho, na ilikuwa haki yao. Kamati ya soko ikakutana, ikaandika sheria sita, nazo zilikuwa sheria nzuri. Ila kuandika kuna utamu wake. Sita zikawa ishirini, na mwaka haujaisha zilikuwa arobaini na moja, zimebandikwa langoni ndani ya plastiki. Asiyevaa koti la kijani la usafi asiguse takataka za njiani. Muuzaji asivuke mstari wa kibanda chake kwa ufagio. Juu ya wavu wakaweka mlango wa chuma na kufuli, ufunguo ukakaa kwa mkuu wa usafi, na mwenye haja ya kuufungua sharti aandike barua nakala tatu.

Wenye makoti ya kijani walikuwa wawili, soko lina vibanda mia na kitu. Siku moja Mwantum aliona kabichi zilizooza zimelundikana karibu na meza ya Sikuzani, mama wa Uvira anayeuza unga wa muhogo, mwanamke msafi ambaye zamani ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika ufagio.

"Sikuzani, hizi kabichi zinakungoja nini?"

"Mama Yasmina, nikizitosha hapa nizitupe, wataniandika kitabuni," Sikuzani akajibu, bila hata kuziangalia. "Ile iko na benyewe, bale ba makoti."

Mwantum alitaka kumkaripia. Lakini jioni ile ile, akielekea nyumbani, alikuta mfuko wa plastiki katikati ya njia, unapepea kuelekea mferejini. Akauvuka. Akaenda hatua kumi nzima ndipo akagundua alichofanya, yeye Mwantum, na hakurudi kuuokota, kwa kuwa karani wa kamati alikuwa amesimama pale karibu. Alijiona amekuwa mtu mwingine, na huyo mtu hakumpenda.

Kesho yake akaandika barua ya kuomba mlango wa wavu ufunguliwe. Nakala tatu, kwa mkono wake, kwa Kifaransa alichojifunza kwa masista. Akampelekea karani, Népomuscène, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi, ambaye hakuwahi kumvunjia mtu heshima.

"Nimeipokea, mama. Watakujibu."

Wiki tatu zikapita. Alipouliza, Népomuscène akafungua faili lake, akainamisha kichwa. "Mama, dosiye haijatimia. Haina picha ya wavu."

"Nitaipigaje picha na mulango umefungwa?"

Népomuscène akafikiri kweli kweli. "Ungeomba kwanza wakufungulie," akasema, kisha mwenyewe akasikia alichosema, akafunga faili.

Mvua ilikuja siku ya Jumanne mwezi wa tatu, adhuhuri, soko limejaa. Haikuanza na manyunyu. Juu kule Gihosha ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na maji yalifika Mferejini yakiwa mekundu, yamebeba majani, viatu na matawi, yakagonga mlango wa chuma, yakasimama. Halafu yakaanza kupanda. Yakavuka ukingo. Yakaingia kwenye kibanda cha Mwantum kabla hajapata hata muda wa kunyanyua mito ya chini.

Watu walitoka wakasimama mvuani. Ndicho Mwantum alichokikumbuka zaidi baadaye: watu sitini, wanaume wenye nguvu zao, wanatazama kufuli. Mmoja anapiga simu. Mwingine anasema mkuu wa usafi yuko Gasenyi, anakuja. Mwingine anauliza kama barua iliandikwa. Sikuzani amebeba gunia la unga kichwani na jingine kifuani, magunia mengine yanalowa miguuni pake. Nyuma ya magunia yale kuna vibanda vilivyo chini zaidi, na humo mama mmoja alikuwa akipaza sauti kwamba mlango umebanwa na maji, hautaki kufunguka, na ndani ana watoto wawili.

Mwantum akafunga kanga yake kiunoni, akavuka maji mpaka kwa Namegabe, fundi wa pikipiki.

"Nipe musumeno ya chuma."

Namegabe akaangalia kufuli, akaangalia karani aliyekuwa amesimama chini ya bati. "Mama, watanifukuza. Mi ni mugeni hapa, unajua."

"Sijakuomba ukate. Nimekuomba musumeno."

Akampa. Mwantum akamgeukia karani.

"Népomuscène mwanangu, fungua kitabu chako. Andika. Mimi Mwantum, fundi wa mito, nimekata kufuli saa sita na nusu. Hakuna aliyenituma. Andika nikiona."

"Mama, mi sina ruhusa ya…"

"Ya kuandika jina langu?"

Kalamu ikaandika. Ikaandika jina lote.

Alikata akiwa amepiga magoti, maji yamemfika mbavuni. "Bismillahi," akaanza, na msumeno ukateleza, ukamchana kidole gumba. Akaanza tena. Ana miaka hamsini na saba na magoti yake si mazuri. Kufuli lilikuwa gumu, na pale alipopumzika mara ya pili akasikia mtu anaingia majini kando yake. Alikuwa Namegabe. Alishika kufuli lisicheze. Likakatika. Mlango ukahitaji watu sita kuuvuta, na ghafla walipatikana ishirini. Wakatumbukiza mikono wakang'oa matawi, makopo, godoro bovu, na mfereji ukameza maji kwa kishindo kilichosikika mpaka barabarani. Kule chini wanaume walikuwa tayari wameung'oa mlango wa kile kibanda na mama yule akatoka na watoto wake, mmoja mgongoni, mmoja mkononi, wanalia, wazima.

"Alhamdulillahi," Mwantum akasema, akakaa chini pale pale topeni.

Alhamisi kamati ikamwita. Mwenyekiti, Khaled, muuza vitambaa ambaye baba yake alijuana na baba wa Mwantum, alikuwa na aibu usoni lakini alikuwa na sheria mbele yake. Kukata kufuli ni kuharibu mali ya soko. Mtu akitumbukia kesho, nani atajibu?

"Mimi," Mwantum akasema. "Ndiyo maana nilitaka jina langu liandikwe. Sasa na mimi niulize. Wale watoto wangekufa, jina la nani lingekuwa kitabuni?"

Mkuu wa usafi akasema kufuli lilifungwa kwa mujibu wa sheria, na yeye alifuata sheria.

"Sikulaumu," Mwantum akamwambia, na hakuwa anakejeli. "Hata mimi nilivuka mufuko njiani nikauacha. Siku hizi kila mutu akiona jambo anatafuta kwanza karatasi inasema nini. Tulikuwa watu wenye macho."

Walimwadhibu. Lazima ieleweke hivyo, maana wengine husimulia kana kwamba alibebwa juujuu kwa shangwe. Kibanda chake kilifungwa wiki mbili, naye akakubali bila kubishana: alikuwa amesema atajibu, akajibu. Mito iliyolowa, zaidi ya nusu ya yote, aliitupa mwenyewe. Mito iliyosalimika Sikuzani aliipanga juu ya meza yake ya unga, ingawa kuchanganya bidhaa kunakatazwa, na alipoulizwa akasema waandike jina lake. Népomuscène alifika akiwa na kitabu, akasimama kidogo, akauliza bei ya mto mdogo wa mtoto, akaenda zake bila kukifungua kitabu.

Adhabu ilipokwisha Khaled mwenyewe alikuja kibandani, akakaa kwenye kigoda. Kamati ilikuwa imekaa tena. Mlango wa chuma utabaki, kwa ajili ya usalama, lakini utafungwa kwa komeo tu ambalo mtu yeyote anaweza kulivuta. Na wamempitisha Mwantum awe msimamizi rasmi wa mfereji, na koti la kijani na kitambulisho chenye picha.

Mwantum alimshukuru kwa komeo. Koti akalirudisha mikononi mwa Khaled, kwa adabu, kwa mikono miwili.

"Kaka Khaled, mukinivalisha hili, mvua ikija wote watakaa wananitafuta mimi. Na mimi siku moja nitakuwa mugonjwa, ao nitakuwa nimekwenda kwa binti yangu."

"Basi tuandike nini kwenye sheria?" Khaled akauliza, na kweli alikuwa anauliza.

"Hiyo muiache bila kuandika."

Khaled akacheka, akatikisa kichwa, akaondoka na koti lake begani. Sheria arobaini na moja bado ziko langoni. Hakuna aliyezifuta, ila wengi hawazisomi tena. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipofika, Mwantum alikuwa kweli Gihosha, Yasmina amejifungua. Aliporudi siku ya tatu, alikuta soko kavu, na wenzake wanabishana kwa sauti ni nani kati yao aliyewahi kulifikia komeo kwanza, na kila mmoja akidai ni yeye.