Jumamosi za Kwenda Kisimani

Jumamosi iliyopita, kwenye jumuiya yetu hapa Isevya, katibu alisoma kwa sauti majina ya waliochangia chakula cha wagonjwa, kisha ya wasiochangia. Langu lilikuwa miongoni mwa ya kwanza, nikapigiwa makofi. Mama mmoja aliyetajwa katika ya pili, aliyekaa karibu na mlango, alimfunga mwanawe mgongoni akatoka kabla ya sala ya mwisho. Nilimtazama akienda, nikamkumbuka bibi yangu wa kijijini, upande wa Urambo, na tangu hapo sina raha.

Nyuma ya nyumba ya bibi palikuwa na kihenge cha jumuiya, ghala la fito lililokandikwa udongo. Baada ya mavuno kila nyumba ilileta debe la mahindi, wengine karanga, wengine michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo sisi watoto tuliiba na kutafuna mpaka taya ziume. Katekista alinyunyizia maji ya baraka, basi, hakuna aliyeandika kitu. Aliyepungukiwa alikuja kujichotea. Ili asionekane, kila Jumamosi alasiri bibi alitukusanya wajukuu wote akatupeleka kisimani, hata kama mitungi imejaa. Tulinung'unika kweli, maana kisima kilikuwa mbali. Yeye alitembea polepole makusudi, akisimama kumjulia hali kila aliyempa shikamoo.

Jumamosi moja ya masika, wakati akiba za watu zimekwisha, nilisahau kata ya kuchotea maji, nikarudi mbio kuichukua. Nikamkuta jirani yetu, mama aliyetuanzishia nyimbo kanisani, akichota mahindi na kuyatia kikapuni. Hakuniona.

Kesho yake, kwenye mafundisho ya watoto, katekista aliuliza nani anaweza kutoa mfano wa upendo. Kiherehere changu! Nilisimama nikasema kwamba sisi nyumbani tunamlisha mama fulani, nikamtaja kwa jina. Nilidhani nitasifiwa. Binti yake, tuliyekaa naye benchi moja, aliinama akatazama miguu yake.

Bibi aliposikia hakunichapa. Alikaa kwenye mkeka, akaniuliza, "Sasa atakula nini?"

Afadhali angenichapa. Alimpelekea jirani mahindi yeye mwenyewe. Jirani alimkaribisha vizuri, akamshukuru, akasema watoto wameshiba. Lakini jioni hatukuusikia tena mchi wake. Kabla ya Pasaka walihamia kwa ndugu zao Ulyankulu, na yule binti hakuniaga. Wengine nao wakaacha kuja, maana nani angetaka kutajwa? Bibi aliendelea kutupeleka kisimani. Tukirudi, alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kuchungulia, na mahindi yalikuwa usawa ule ule, mpaka wadudu dumuzi wakayageuza vumbi.

Kihenge kilibomoka, bibi tulimzika, na siku hizi hakuna anayekumbuka kwa nini tulikwenda kuteka maji tusiyoyahitaji. Nakumbuka mimi, na ningependa kusahau.

Juzi nilibeba mfuko wa unga hadi kwa yule mama wa Isevya. Alinitolea kigoda, akanishukuru sana.

"Watoto wameshiba, dada yangu," akasema.

Jikoni kwake hapakuwa na moto. Nilirudi nyumbani na unga wangu.