Mtetemo Usiokuwa wa Gari

Tumtangulize Mola, aliyeitandaza ardhi ikatulia chini ya nyayo zetu. Baada ya kumsifu, wanaotajwa humu ni watatu: fundi ambaye mtaa mzima humwita Tuliza, mkewe, na mwalimu mstaafu mwenye motokaa.

Saa mbili asubuhi. Fundi Tuliza amelala chali chini ya motokaa kuukuu, ya zama za magurudumu ya spoku. Gurudumu la mbele limeinuliwa kwa jeki. Analishika juu na chini, analisukasuka, anasikiliza.

"Halichezi," anasema. "Pini mpya, bushi mpya. Sasa linatetemekea nini?"

Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yake ni hii moja: kutibu usukani unaotetemeka. Magari ya kale yana maradhi hayo. Yakishika mwendo, magurudumu ya mbele hutikisika kushoto na kulia, usukani ukampiga dereva mikononi.

Wengine hupima kwa mashine. Yeye hupima kwa viganja. Huliendesha gari katika barabara iliyonyooka nyuma ya karakana, akalegeza vidole, akaliacha liseme. Kisha hukaza, hubadili, au hupachika kabari ya chuma chini ya springi, hata usukani utulie.

Gari la mwalimu amekwisha kulifungua mara tatu. Kila akilijaribu, linatetemeka.

"Fundi, hili ni la marehemu baba," mwalimu analalamika. "Au unataka nimfuate huko nikamwombe radhi?"

"Mwalimu wangu, mgonjwa yumo kitandani, nawe unamgombeza tabibu?"

Wanacheka, lakini cheko la fundi halifiki machoni.

Mkewe anaingia na chai, na fundi anatoka chini ya gari. Mama anamwona akipokea kikombe. Chai inamwagika kwenye kisahani. Anakitazama kisahani kwa muda, kisha anasema taratibu, "Baba watoto, hebu niliendeshe mimi."

Mama huyu alifundishwa udereva na mumewe katika barabara hiyo hiyo. Jeki inateremshwa, naye anashika usukani, mumewe kando yake, mwalimu nyuma. Gari linashika mwendo. Mama analegeza vidole.

Usukani hautikisiki.

"Limetulia, mume wangu," anasema. "Nadhani lilikwisha kutulia siku nyingi."

Fundi anaitazama mikono yake juu ya magoti. Inatetemeka.

"Gari la watu nimelisingizia," anasema.

Mwalimu, aliyekuja na maneno mengi, anamwekea mkono begani.

Wiki chache baadaye mume na mke wapo karakanani; daktari amekwisha kuthibitisha: maradhi haya ya mikono hupunguzwa kasi, hayaponi. "La kuvunda halina ubani," anasema fundi, akijifuta grisi kwa kitambaa. "Mkono ndio uliokuwa mizani yangu. Mizani ikiharibika, muuzaji anauza nini?"

Hata hivyo analo kusudio. Mkewe atashika usukani, naye ataketi kando akiuliza: usukani unapiga wapi, unaanza kwa mwendo gani, unavuta upande upi?

"Mikono ya kufua nguo itajua nini?" mama anatania.

"Itajua. Imenijua mimi kabla sijajijua."

Mama anageuza uso dirishani.

Ewe Mola, mbariki mama huyu katika miaka iliyobaki, uipe mikono yake nguvu ya kubeba kazi za wawili, na usimwache peke yake siku fundi atakaposhindwa hata kuuliza. Amina.