Jina la Kuvuka Bonde

Mawese yakianza kupata moto kwenye sufuria, kabla hayajatoa moshi, huwa na harufu nzito, tamu kidogo. Kwa watu wengi hiyo ni harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kwangu mimi ni harufu ya mtoto mchanga. Nikiwa jikoni kwangu Goma na harufu hiyo ikapanda, mwiko husimama mkononi, nami namwona Koko, yaani bibi yetu mzaa mama, amenyoosha miguu mkekani, na mdogo wangu juu ya mapaja yake anang'aa kwa mafuta kama andazi.

Mdogo wangu huyo alizaliwa hospitalini Kirotshe, wakati mimi nilipokuwa kibogoyo wa meno ya mbele, na baada ya siku chache Mama akapanda naye kilima hadi kwetu. Papa alikuwa amekwisha kuchagua jina la kwanza: Grâce. Alilisikia kanisani, akalipenda, wala hakuomba ushauri wa mtu. Koko alilitamka Garasi, akasema ni jina zuri sana la Jumapili. Shida ilikuwa siku nyingine za juma. Kwetu nyumba ziko upande huu wa bonde na mashamba ya maharage yako upande ule, na ukitaka mtu arudi, unamwita kwa sauti ya kuvuka bonde. Jina la kanisani halifiki ng'ambo. Linalofika ni la pili, lile ambalo walimu wetu waliliita postnom.

"Hiyo Garasi haifike hata ku migomba," alisema Koko. "Mutoto atanyeshewa na mvua juu ya jina."

Basi kila jirani aliyekuja kumwona mtoto alikuja na jina lake mdomoni. Wa kwanza alileta Neema. Papa akacheka mpaka akakohoa, akasema Grâce ni Neema na Neema ni Grâce, sasa mtoto ataitwa mara mbili kama kiziwi? Mwingine akaleta Riziki, lakini Riziki walijaa kilimani pale, na mmoja wao alikuwa mwizi wa miwa anayejulikana.

Halafu akafika Shangazi Faida, dada yake Papa, kutoka Mubi, kule kwenye barabara ya msituni Walikale, alikokuwa na butiki. Alishuka kwenye pikipiki na bidoni ya mawese na kitenge kipya kilichokunjwa vizuri, na sote tulijua kitenge ni cha nini. Kwetu ukimpa mtoto jina lako, mtoto huyo anakuwa majina wako, na hivyo ndivyo mtakavyoitana maisha yenu yote: majina. Wewe mwenye jina ndiwe wa kwanza kutoa zawadi, kitenge au kuku. Naye akikua, atakuchotea maji bila kutumwa. Shangazi alituhesabia majina wake wa Mubi kwa vidole, na vidole vikamwishia. Alitaka mwingine, na kwa desturi upande wa baba ndio wenye neno la kwanza.

Koko hakubisha. Alisema tu jina lijaribiwe kwanza, kama yalivyojaribiwa yetu sote. Asubuhi, ukungu ulipoinuka, nilitumwa ng'ambo na kitambaa cha kupunga: jina likinifikia lote, nipunge, likifika vipande, nitulie. Nilisimama katikati ya maharage, miguu imelowa umande, nikijiona mtu mkubwa mno.

Sauti ya Koko ilianza chini, ikapanda, kisha ikavuta mwisho wa jina mpaka pumzi ikamwishia. Furaha lilinyakuliwa na upepo juu ya kijito. Faida lilifika, nikapunga, ingawa kwa shingo upande, kwa sababu Shangazi alikuwa amenifinya shavu. Mapendo lilifika zima zima, na ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Likaitwa jina la Mama, likaitwa la jirani, hata la mke wa katekista. Nikaendelea kusubiri jina la Koko mwenyewe. Halikuja.

Koko aliitwa Machozi. Alizaliwa juma ambalo baba yake alizikwa, na waliokuwa pale hawakuwa na neno jingine.

Nilirudi mbio nikatoa habari zangu. Papa akajaribu taratibu, "Grâce Faida, Grâce Faida," akasema linasikika kama kibao cha duka. Shangazi akacheka kuliko wote.

"Kweli kabisa! Nitaiandika ku mulango ya butiki yangu!"

Lakini kitenge bado alikuwa amekikumbatia. Nami, ambaye mdomo wangu haukujua kupumzika, nikauliza, "Na Koko, majina wake ni nani?"

Wajukuu tulikuwa wengi, na kila mmoja alipozaliwa ilipatikana sababu nzuri ya kumpa jina jingine. Koko aliendelea kumkanda mtoto miguu kama hakusikia. Mama ndiye aliyesema, polepole, macho yake chini:

"Tumuite Machozi. Grâce Machozi. Iko muzuri."

Alisema kwa moyo wake wote, na hata Shangazi akaitikia kwa kichwa. Nilimtazama Koko. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyewekewa mezani chakula alichokitamani miaka mingi. Niliona jinsi alivyokitaka.

"Apana, mwana wangu," alisema. "Ile jina niliikuta inaningoja. Nimeibeba, nimeizoea. Lakini sitaiweka ku mugongo ya mutoto."

Kisha akanigeukia mimi. "Weye, sema tena. Jina gani ilifika muzuri?"

"Mapendo, Koko."

"Basi yeye ni Grâce Mapendo. Na miye, tangu leo, ni Mapendo. Mutoto njo amenipa jina. Ni majina wangu."

Shangazi akapiga makofi. "Lakini Koko, mwenye kutoa jina njo anatoaka zawadi!"

"Njo vile," alisema Koko. "Ninangoja mutoto anipatie yangu."

Shangazi akakitazama kitenge chake. Akakigusisha kwenye kiganja cha mtoto, vidole vile vidogo vikashika pindo, kisha akakiweka mapajani mwa Koko. "Majina wako amekutumia," alisema, na Koko akalia mbele yetu sote bila kujificha.

Mazoea yana taabu. Rafiki yake mmoja wa tangu ujana alishindwa kabisa kubadili. Alipomwita Machozi sokoni, Koko aliendelea kuchagua vitunguu bila kugeuka, na yule mzee akaondoka akinung'unika. Lakini kidogo kidogo kilima kizima kikashika. Mimi niliona ni mchezo tu wa wazee, na kwamba Koko alikuwa mjanja: amepata jina na kitenge kwa siku moja.

Grâce alikua akimchotea maji bila kutumwa. Koko alipofariki, alimzika kama majina anavyozika majina, akitembea mbele ya jeneza. Mwaka huu amejifungua binti, akanipigia simu kabla hata ya kupumzika.

"Dada, nimemupa jina ya Koko."

Nikauliza haraka: "Jina gani ya Koko?"

"Weye naye! Koko alikuwa na majina ngapi? Mapendo."

Hakujua. Hakuna hata mmoja wa waliozaliwa baada yangu anayejua. Ndipo nilipoelewa kwamba siku ile Koko hakuwa anacheza. Alitaka jina lake libaki kwetu kama yeyote anavyotaka, ila alitaka kwanza awe na jina ambalo halitamuumiza atakayelipokea. Nikamwambia Grâce ni jina zuri, nikamuuliza la kwanza litakuwa lipi.

Nimewaambia ninyi tu. Siku mkipanda kwetu, juu ya Kirotshe, ulizeni alipozikwa Koko Mapendo, mtaonyeshwa. Lile jingine msilitamke kule.