Chembe za Mkate Katika Vitabu vya Freidl

"Freidl mwenzangu, hivi vitabu unavisoma au unavilisha?"

Gitl wa mlango wa pili alimwuliza hivyo siku aliyomkuta mezani, mkono mmoja una kipande cha mkate, mwingine unafunua karatasi zilizoandikwa na rabi aliyekufa zamani sana. Freidl alicheka, akapuliza chembe, akaendelea kusoma.

Ndivyo alivyokuwa. Mjane, miguu mizito, lakini akisikia kuna nyumba Yerusalemu inafungwa kwa sababu mwenyewe ametangulia mbele za Mungu, alikuwa wa kwanza kubisha hodi. Wengine waliulizia vyombo. Yeye aliulizia vitabu, hasa vile vilivyochanika ambavyo warithi wangevipeleka kuzikwa, kama ilivyo desturi ya Wayahudi kwa maandiko matakatifu. Alivikokota kwa kigari cha sokoni, akavibusu, akavipanga kabatini. Hakuwahi kuuza hata kimoja.

Kila mwaka kabla ya Pasaka alivitoa roshani, akavikung'uta ukurasa kwa ukurasa, maana siku hizo hata chembe ya mkate uliochachuka haitakiwi nyumbani. Mwaka ule nyonga ilimkamata. Akaona isiwe taabu: akafunga kabati, akampa rabi wa mtaa ufunguo, likauzwa kwa siku za Pasaka kwa mtu asiye Myahudi, kama sheria inavyoruhusu, pamoja na unga wa majirani. Mnunuzi alikuwa Jiryis, fundi bomba, Mwarabu Mkristo, aliyenunua chachu ya mtaa mzima kila mwaka na kuirudisha sikukuu ikiisha.

Pasaka ikiwa katikati, mlango ukagongwa. Ni mzee Mendel, ametoka Antwerp. Maisha yake yote alikuwa akitafuta mwandiko wa babu yake, rabi wa mji mdogo ambao haupo tena, na Freidl ndiye aliyempigia simu wakati wa baridi: "Ninao. Njoo uuone." Sasa amekuja, na kesho alfajiri anaondoka, awahi kwao siku za mwisho za sikukuu.

Freidl akalitazama kabati, akaketi.

"Mzee wangu, nimeuza."

"Umeuza kitabu?"

"Kabati. Kwa fundi bomba."

Mendel alivua kofia, akaivaa tena. Freidl akampigia rabi. Rabi alicheka kwanza, kisha akasema kitabu bado ni cha Freidl, ila kabati na chembe zilizomo ni mali ya Jiryis, basi mwenye mali aombwe.

Jiryis akaja na ufunguo, mikono ingali na grisi.

"Karibuni kwangu," akasema, amesimama katikati ya sebule ya Freidl.

"Nawa mikono ufungue, baba, acha maneno."

"Mama, unamharakisha mwenye nyumba?"

Alinawa, akafungua, akakitoa kitabu alichoonyeshwa. Akatoka nacho ngazini, akakikung'uta polepole juu ya mfuko wa karatasi, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Chembe zikadondoka, na si chache. Gitl alikuwa ameshachungulia.

"Nilisema mimi. Kitabu kimeshiba."

"Hizi ni zangu," Jiryis akasema, akiukunja mfuko. "Njiwa wangu watakula elimu leo."

Mendel akakifungua kitabu. Kiebrania huandikwa kutoka kulia, na mistari ya babu yake ilianzia chini kulia ikapanda kwenda kushoto, yote, kama mtu anayekwea ngazi. Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakaloanisha ndevu.

"Mimi naandika hivihivi. Mwalimu alinichapa utoto wangu wote, akasema mwandiko wangu umelewa. Kumbe nimeurithi."

Akaupitisha mkono juu ya mstari, bila kuugusa, kutoka kulia hadi kushoto. Freidl alimwona. Alinyanyuka kwa shida, akaleta kitambaa cheupe cha sikukuu, akakifunga kile kitabu vizuri kama anavyofungwa mtoto mchanga.

"Mwenye kabati naruhusu," akasema Jiryis, ambaye hakuna aliyemwuliza.

Freidl akamwekea Mendel kitabu mikononi.

"Nenda nacho. Nakuomba kitu kimoja tu. Ukikisoma, usile mkate."